Kufuata, Kufuatisha na Kuandama

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti yangu, mwenye himila ya miezi mitano, hadi chumba cha kupigia picha za tumboni, na kwa kuwa mumewe alikuwa safarini na mama yake hakujaaliwa kutoka siku ile, nikaruhusiwa kuketi nyuma ya pazia, uso wangu umeelekea mashine na si kitanda, nikapata kumtazama yule bibi mpigaji picha akiifanya kazi yake. Mkono wake mmoja ulikuwa ng'ambo ya pazia, ukikipitisha kile kidude juu ya tumbo; mkono wa pili ulikuwa juu ya meza ya mashine, na chini ya vidole vyake palikuwa na tufe dogo, laini, lililozama nusu katika tundu lake mfano wa mboni ya jicho, likizunguka huku na huku bila ya kuondoka mahali pake. Kila alipolibiringisha, alama ndogo ya msalaba ilitembea juu ya kioo, ikaenda kutua ukingoni mwa fuvu la mtoto. Akabonyeza, akalibiringisha tena mpaka ukingo wa pili, akabonyeza, na mashine ikatoa upana wa kichwa, na kwa upana huo ikakisia umri wa mimba. Mfupa wa paja akaupima vivyo hivyo. Mtoto hakutulia hata kidogo. "Namfuata huku, anakimbilia kule," akasema yule bibi, na binti yangu akacheka nyuma ya pazia.

Jioni yake, nyumbani, binti yangu akafungua katika simu yake programu moja aliyosifiwa na shoga zake, yenye kuhesabu wiki za mimba na kumweleza mja mzito ale nini na ajihadhari na nini. Na kabla haijamwonyesha lolote ikamtolea swali, kwa Kiswahili kilichonyooka, kama anairuhusu imfuatilie. "Baba, nikubali?" akaniuliza, na mimi, ambaye kwa miaka mingi nimepata riziki yangu kwa kutarjumi maneno ya watu, nikakosa la kumjibu, kwani asubuhi ile ile nilikuwa nimekisikia kitenzi hicho, au tuseme ndugu yake wa tumbo moja, kinywani mwa mtu aliyekuwa akimtafutia mjukuu wangu salama yake, na sasa nilikuwa nakisikia kwa mtu nisiyemjua, asiyekuwamo chumbani, anayetaka nisichokijua. Kwa sababu nilinyamaza, akakubali. Haikupita siku ya tatu, matangazo ya nguo za watoto wachanga na ya maziwa ya unga yakaanza kumtokea katika kila ukurasa aliofungua, ilhali kwetu mimba ni jambo la kusitiriwa, na walikuwapo jamaa wa karibu kabisa ambao bado hatujawapa habari.

Tangu siku ile nimekuwa nikikizungusha kitenzi hicho kichwani kama yule bibi alivyolizungusha tufe lake, na rai niliyofikia ni kwamba watarjumi wa zama hizi, nami nimo miongoni mwao, tumefanya kosa lenye madhara: tumelipokea neno moja la Kiingereza lenye maana nyingi, na badala ya kuipa kila maana haki yake katika lugha yetu ambayo haina uhaba wa maneno, tumezitia zote katika kapu la kitenzi kimoja, tena kitenzi chenye sifa njema, hata mpelelezi akapita mlangoni kwa heshima ya mgeni.

Neno lenyewe ni "track", ambalo Waingereza walilichukua katika Kifaransa cha kale, na maana yake ya mwanzo ni alama ya unyayo, ile inayobaki ardhini baada ya mnyama au farasi kupita. Kutoka hapo likatoka tendo la mwindaji anayezisoma alama hizo, na kutoka kwa mwindaji likapewa mtu wa rada. Na kwa mtu wa rada ndipo lilipozaliwa jina la lile tufe, ambalo mafundi wetu wamelichukua kama lilivyo wakalitamka trakiboli.

Asili ya tufe hilo si hospitali, ni vita. Mwaka 1946 Ralph Benjamin, mwanasayansi wa jeshi la majini la Uingereza, aliyezaliwa Ujerumani akaingia Uingereza akiwa kijana mkimbizi, alikuwa akishughulika na mtambo wa kuonyesha habari za rada melini, na shida iliyomkabili ilikuwa hii. Rada, kila inapozunguka, huiona ndege na kuiweka juu ya kioo kama nukta ya nuru. Mzunguko wa pili huweka nukta nyingine, kando kidogo ya ile ya kwanza. Wala hakuna katika nukta hizo mbili kitu kinachosema kwamba zote ni ndege moja. Ni sharti awepo mtu mbele ya kioo, aipeleke alama juu ya nukta ya kwanza na kuithibitisha, kisha juu ya ya pili, kisha juu ya ya tatu, mpaka mashine ipate hesabu ya mwendo na mwelekeo, na zile nukta zilizotapanyika zigeuke kuwa njia ya chombo kimoja. Njia hiyo ndiyo waliyoiita kwa lile neno la unyayo. Ili alama itembee kwa wepesi, Benjamin akabuni tufe la chuma lililokaa juu ya magurudumu yaliyovikwa mpira, likapata hataza mwaka 1947. Lakini kazi yote ilikuwa siri ya jeshi, na mtambo wenyewe ukaishia kutumia fimbo ya kuongozea badala ya tufe.

Mwaka 1952 wahandisi waliokuwa wakifanya kazi Kanada, Tom Cranston, Fred Longstaff na Kenyon Taylor, waliokuwa wakitengeneza mtambo ulioitwa DATAR kwa ajili ya jeshi la majini la nchi hiyo, wakatengeneza tufe lao, na walichokitia ndani yake ni tufe la bolingi, la mchezo wa pini tano unaochezwa Kanada, ambalo ni dogo kuliko yale ya Marekani wala halina matundu ya vidole. Mtambo ukajaribiwa katika Ziwa Ontario mwaka 1953. Napenda kumfikiria yule baharia, kiganja chake juu ya tufe la mchezo wa Jumamosi, akizifuata meli na ndege zisizoonekana kwa macho. Na ingawa sipendi vita, naiona katika picha hiyo insafu ya namna fulani, kwa kuwa mfuataji alikuwa mtu, mkono wake ulikuwa unajulikana, na aliyefuatwa, akiwa ni adui, alijua kabisa kwamba anatafutwa.

Yaliyofuata nitayapitia mbio. Mwaka 1968 Rainer Mallebrein na wenzake wa kampuni ya Telefunken ya Ujerumani, waliokuwa wakilifahamu tufe la namna hiyo katika kazi za waongozaji wa ndege, walilipindua kifudifudi, likatambaa lenyewe juu ya meza badala ya kubiringishwa kwa vidole, wakapata kipanya chenye gololi tumboni; na mwaka huo huo Marekani, Douglas Engelbart akaonyesha hadharani kipanya chake, ambacho hakikuwa na gololi bali vigurudumu viwili. Watoto wa Marekani wakaanza kulizungusha tufe katika michezo ya mashine za kutumbukiza sarafu, na mwaka 1991 likapachikwa katikati ya kompyuta za mkononi za Apple. Mwishowe kipanya kikatawala, na tufe likabaki kwa wenye kazi ya utulivu: waongozaji wa ndege, wapigaji picha za tumboni, wachoraji ramani, na watu walioumia vifundo vya mkono kwa kukisukuma kipanya mchana kutwa. Ndani yake nako kumebadilika. Zamani lilikuwa likigusa vigogo viwili vilivyokaa pembe mraba, kimoja cha kwenda kulia na kushoto na kimoja cha kupanda na kushuka. Tangu miaka ya 1990 matufe mengi yametiwa madoadoa, na chini yake pameketi jicho dogo la umeme linalotazama madoadoa hayo yanavyopita.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndani ya chombo hicho kimoja, tukikitazama kwa jicho la Mswahili, hamna tendo moja bali matatu. Alama iliyo juu ya kioo hufuatisha mkono, kama mwanafunzi wa chuoni anavyofuatisha herufi za mwalimu wake juu ya ubao: mkono ukienda, nayo huenda, ukisita, nayo husita. Mtu aliyeketi huifuata nukta, au humfuata mtoto tumboni, kwa macho na kwa nia. Na mtambo wote, pamoja na rada yake na hesabu zake, huiandama ndege, yaani hushika nyuma yake bila ya kuiachia, usiku na mchana. Kufuatisha ni utii, kufuata ni nia ya mwenye kufuata, na kuandama ni jambo analofanyiwa mwingine, apende asipende. Mwingereza aghalabu huyasema yote matatu kwa neno moja. Wala simlaumu, kwani kila lugha huvaa kanzu iliyoshonewa. Sisi ndio tulioacha kanzu yetu sandukuni tukavaa ya jirani, nayo inatubana.

Tena neno lile halikuishia hapo. Waliokuwa na mashine za video miaka ya 1980 watakumbuka kitufe kilichozungushwa pale picha inapojaa mistari, ili kichwa cha kusomea kikae sawa juu ya mkanda. Nacho kilikuwa na jina lile lile. Fundi wa Kiingereza akinyoosha magurudumu ya mbele ya gari hulitumia, mpiga chapa akizitenga herufi zisisongamane hulitumia, na walimu wa Marekani wakiwagawa wanafunzi kwa uwezo wao hulitumia pia. Hakuna mtarjumi mwenye akili atakayesema kwamba fundi "anayafuatilia" magurudumu. Kwa nini basi tukawa wavivu hapa tu, pale penye stara ya mtu?

Nadhani sababu ni kwamba kufuatilia ni neno zuri. Mstaafu hufuatilia kiinua mgongo chake ofisini, mzazi hufuatilia masomo ya mwanawe, mfanyabiashara hufuatilia mzigo wake kutoka bandarini, muuguzi hufuatilia maendeleo ya mgonjwa; na katika mifano yote hii kinachofuatiliwa ni jambo, na anayelifuatilia anayo haki juu yake au ana dhamana ya kulitunza. Tunamsifu mtu kwa kufuatilia na tunamlaumu mzembe kwa kutofuatilia. Programu inapomwomba binti yangu imfuatilie, huazima sifa yote hiyo bila ya kuilipia. Humfanya adhani, kama mimi nilivyokaribia kudhani, kwamba kuna mtu mwema mahali fulani ambaye ataiangalia hali yake kama muuguzi. Najua kijana atanijibu kwamba mtaani "usinifuatilie" ni kauli ya ugomvi, na ni kweli. Walakini pale mtaani ubaya wa neno hubebwa na sauti na kukunja kwa uso, ilhali juu ya kioo cha simu neno husimama peke yake, limevaa nguo zake za ofisini.

Hali ya kuwa hazina tunayo. Tunako kuandama, ambako mwezi huandama tukafunga na tukafungua, lakini pia mtu huandamwa na deni na huandamwa na jinamizi. Tunako kunyemelea, ambako ni kwenda kwa unyayo mwepesi ili usisikiwe, na kuvizia, ambako ni kungoja mahali pa siri. Tunako kudoya, neno la wazee linalokaribia kusahauliwa, la mtu anayetangulizwa kwenda kuchungua mji wa watu kabla ya mashambulizi, na kupeleleza, na ujasusi tuliopewa na Waarabu. Na tunalo neno ambalo mimi nalipenda kuliko yote: athari. Kwa Kiarabu asili yake ni ile ile ya neno la Kiingereza, alama anayoiacha mtu alipopita, unyayo. Lakini lilipokaa pwani kwetu likachukua maana ya madhara na kovu, hata tukisema kitu kina athari, aghalabu hatukisifu. Wanaotafuta namna ya kuitaja ile alama tuiachayo kila tunapogusa kioo cha simu wangeweza kutosheka na neno hilo, kwa kuwa linasema mambo mawili kwa pumzi moja, kwamba umepita, na kwamba kupita kwako kwaweza kukudhuru. Nyayo nalo ni neno letu, lakini limekwisha kubeba mzigo wa siasa nchini Kenya tangu mwaka 1978, na tena lina upole wa mtoto anayekanyaga alikokanyaga baba yake.

Mtu asidhani kwamba nagombea maneno tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja faragha katika ibara yake ya 31, na ya Tanzania katika ibara ya 16. Kenya ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Sheria hizi zote mbili zinategemea nguzo ya ridhaa, nayo ridhaa si kidole kinachobonyeza, ni akili inayojua inachokiridhia. Wanazuoni wa fikihi walikataza tangu zamani biashara ya samaki aliye bado majini, kwa kuwa mnunuzi hajui anachonunua wala muuzaji hana uhakika wa anachouza. Na mimi nauliza ni tofauti gani iliyopo kati ya samaki huyo na ridhaa ya mwanamke aliyeombwa "kufuatiliwa" na asielezwe ni nani amfuataye, wapi, kwa muda gani, na kwa faida ya nani. Bunge laweza kutunga sheria nzuri kama nini. Ikiwa neno moja la tarjuma limetoboa tundu chini, maji yataingia tu.

Wenzetu wa nchi za mbali wameligusa jambo hili kwa njia ya mitambo. Mnamo mwaka 2011 vivinjari vikaanza kupeleka kwa kila tovuti ombi la mtumiaji kwamba asiandamwe. Lakini kwa kuwa lilikuwa ombi tu lisilo na adhabu nyuma yake, tovuti nyingi zililipuuza, na kamati iliyokuwa ikiliandikia kanuni ikavunjwa mwaka 2019. Mwaka 2021 Apple ikazilazimisha programu za simu zake kumwuliza mwenye simu kabla ya kumwandama katika programu na tovuti za makampuni mengine. Swali likawa la lazima, na hilo ni jema. Lakini swali la lazima lililoulizwa kwa neno la kupumbaza ni nusu ya swali, na nusu ya pili iko mikononi mwetu sisi wenye lugha, si mikononi mwa wahandisi wa California.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, na wataalamu wa istilahi walioko Kenya, na hususan vijana wetu wanaolipwa na makampuni kutarjumi vioo vya simu, wakubaliane juu ya mambo machache. Alama inayotii tufe au kipanya isemwe kwamba inafuatisha, na kasi yake iitwe kasi ya kufuatisha. Kufuatilia kuachiwe mizigo, malipo, maombi na maradhi, mambo ambayo mwenyewe ana haki ya kujua yamefika wapi. Na pale ambapo anayefuatwa ni mtu, na anayemfuata anakusanya habari zake ili aziuze au azitumie kwa faida yake, iandikwe kuandama, bila ya haya wala kupindapinda, na nyuma ya kitenzi hicho yafuate maelezo: wapi, mpaka lini, na nani atapewa. Tumekwisha kuonyesha kwamba tunaweza. Lile faili dogo ambalo tovuti huliacha katika kompyuta ya mgeni limeitwa kidakuzi, na sikio langu kila linapolisikia jina hilo husikia ndani yake udaku. Mtu aliyelipendekeza, kwa kukusudia au kwa bahati, alimpa msomaji hadhari ambayo Wamarekani, waliolibandika faili hilo jina la biskuti, hawakuipata.

Nitaambiwa kwamba makampuni hayatakubali, kwa sababu neno kali hufukuza wateja. Huenda ikawa hivyo. Lakini hoja hiyo yenyewe ni ushahidi, kwani ikiwa biashara husimama tu maadamu mteja hajaelewa, basi hatuna wajibu wa kuisimamisha kwa kalamu zetu. Wala sisemi kwamba kila aandamwaye hudhurika. Wapo watakaoridhia, na ni haki yao. Kuna mtu atakayesema kwamba matangazo ya nguo za watoto yamemfaa, naye asipingwe. Ninachodai ni kwamba aulizwe kwa lugha ya mama yake, na lugha hiyo isitumiwe kama pazia.

Jambo hili nimelijaribu nyumbani kwangu kabla ya kuliandika. Mke wangu alikuwa barazani anadarizi kofia, sindano mkononi, na mimi nikamsomea maneno ya ile programu kama yalivyo, kana kwamba yanatoka katika simu yake: je, anairuhusu imfuatilie? "Kubali tu," akasema bila ya kuinua macho, "si ndiyo kazi yao." Nikanyamaza kidogo, nikamsomea mara ya pili kwa tarjuma yangu: je, anaridhia programu hii imwandame kila aendako ndani ya simu, iandike anachokitazama, na iwape habari hizo wauza matangazo? Sindano ikasimama ndani ya kitambaa. "Nani huyo," akaniuliza, "na ananiandamia nini?"